Siku Patron Kahongya Alipolipigia Kura Jengo Lake

Nimeona mengi hapa Butembo, lakini mtu anayepiga makofi kwa sababu jengo lake litabomolewa nimemwona mmoja tu.

Alisimama mbele ya ukumbi mzima, akafunga kifungo cha koti, akapiga makofi huku anacheka.

Mimi nilikuwa nimekaa katikati ya watu, namtazama. Roho yangu ilikuwa imetulia tuli.

Ngoja niwasimulie. Ila wale mnaotaka hadithi za kusameheana na kukumbatiana, hapa mmepotea njia.

Naitwa Katungu. Nina depo ya maharagwe centre-ville, katikati ya mji, kwenye barabara tunayoiita Mizani. Ni barabara ya mteremko. Mwisho wa juu, upande wa kupanda Musienene na Lubero, ndipo lilipokuwa jengo la ghorofa la Patron Kahongya. Mwisho wa chini, upande wa kushuka Beni, ndipo tulipo sisi wa mabati: depo yangu, duka la vipuri vya pikipiki la Nasiba, na mama wengine wengi wa viazi na mafuta.

Patron Kahongya alikuwa mwakilishi wa wakaaji wa barabara yetu. Nani alimchagua, sijui. Kila kulipokuwa na mkutano bureau, ofisini kwa wakubwa, alienda yeye. Akirudi, alituambia tumesema nini.

Miaka michache nyuma alirudi na habari kwamba wakaaji wote wamekubali hangar, lile banda la mama wauza maharagwe, iondolewe, eti inachafua mji.

Hiyo hangar ilikuwa mbele ya ghorofa lake. Mama yangu aliuza pale tangu sijazaliwa.

Machine ya kubomoa ilikuja asubuhi, watu wakiwa bado wanapanga mizigo. Magunia ya mama yalipasuka. Maharagwe yakamwagika kwenye tope, na mama yangu akapiga magoti kuyaokota kwa mikono.

Patron alikuwa kwenye balkoni yake, kikombe cha chai mkononi. Akaita kwa sauti, watu wote wakasikia:

"Mama, acha izo! Kuku zitakula!"

Wengine walicheka. Nawakumbuka kwa majina, lakini leo si siku yao.

Mama alipanda kwetu Musienene wiki hiyo hiyo. Akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga mji huu mpaka ghorofa lile lilale chini. Watu walidhani ni hasira tu, zitapoa. Mama yangu hayuko hivyo. Dada yangu aliolewa hapa mjini, hakuja. Dada yangu aliolewa hapa mjini, hakuja.

Na mimi nikabaki na depo yangu kule chini, kila asubuhi napita chini ya ile balkoni. Nilimchukia yule mzee. Nasema wazi. Nilimchukia hadi chai ilikuwa hainishuki.

Sasa, mwaka jana ukaja mradi wa kupanga upya centre-ville. Safari hii wakaja na neno jipya: wakaaji wenyewe ndio wataamua.

Aliyetumwa alikuwa binti mmoja wa Beni, Élise, amesomea mambo ya kupanga miji. Msichana mpole, miwani, sauti ndogo. Alipita duka kwa duka akitualika kwenye salle ya paroisse, ukumbi wa parokia. Alisema patajengwa parking mpya ya magari pamoja na soko la kisasa, na kuna sehemu mbili zinazofaa: mwisho wa juu wa barabara yetu, au mwisho wa chini. Sehemu itakayochaguliwa, majengo yake yatavunjwa, na wenyewe watapewa viwanja vingine Rughenda, karibu na uwanja wa ndege.

Nasiba aliposikia hivyo alikaa juu ya tairi.

"Katungu, miye nilikimbia vita kule Beni, nikaanza hapa na bulon na écrou za pikipiki. Sasa naenda kuuzia nani vipuri ku Rughenda? Ndege?"

Depo yangu bila barabara ile ni ghala la panya. Wateja wangu ni magari yanayoshuka Beni. Rughenda hakuna gari litakalonifuata.

Na Patron alishaanza kampeni. Alipita kwa wapangaji wake, kwa vijana wa kupakia mizigo, kwa kila mtu, akisema: "Batu ba chini batoke. Bale ni wachafu. Mji iko nataka kupumua."

Siku ya mkutano alileta kreti za sucré, soda zetu, na sambusa. Tulikula. Njaa haina chama.

Élise alikuwa amebandika ukutani picha kubwa ya barabara yetu, iliyopigwa na ile ndege ndogo isiyo na mtu. Paa tupu, mabati kwa mabati, mengi yana kutu. Hakuandika jina la mtu yeyote, ili tusichague kwa chuki. Maskini, hakuwa anatujua.

Alichora maduara mawili. La kijani sehemu ya juu ya picha, la njano sehemu ya chini.

Akashika kijiti, akaanza: "Ndugu zangu, mbele ya kuchagua, tuelewane kwanza namna ya kusoma hii picha. Kaskazini iko..."

Patron akainuka.

"Mademoiselle, excusez. Huu mji ni siye tulijenga. Siye na bababa zetu. Unakuya kutufundisha juu na chini?"

Watu wakacheka. Élise akajaribu tena. "Hapana, patron, nilitaka tu kueleza..."

"Hapana kueleza! Tunaona. Kijani ni juu, njano ni chini. Mutoto wa école maternelle anaona. Endelea ku kura."

Msichana akaangalia kijiti chake. Akakiweka mezani.

Patron hakuishia hapo. Élise alisema baada ya kura kutakuwa na muda wa watu kuleta malalamiko. Mzee akapandisha sauti: "Hapana recours! Tumechoka na mikutano. Kura ikitoka, imetoka. Écrivez, mademoiselle. Chef wa quartier, na weye andika."

Nilielewa anachofanya. Alitaka tukishapigwa, tusipate hata pa kulilia. Chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, akauliza kama kuna anayepinga. Nani angepinga? Mikutano yote ya nyuma, aliyempinga Patron alikuta mlango wa duka lake una kufuli mpya kesho yake.

Ikaandikwa, Patron akasaini, tukapewa mapumziko kidogo kabla ya kura. Watu wakaenda kwenye sambusa.

Mimi nikaenda kwenye picha.

Nilitaka tu kuiona depo yangu. Najua ni ujinga, lakini ukiambiwa kitu chako kinakufa, unataka kukitazama. Paa langu lina kiraka cha bâche, turubai la bluu, nilikifunga mwenyewe mvua za mawe zilipotoboa mabati. Nikakitafuta ndani ya duara la njano, kule chini. Hakuna.

Nikatafuta tena. Hakuna bluu yoyote.

Nikainua macho. Kile pale! Kiraka changu, bluu kabisa, ndani ya duara la kijani. Juu.

Nikapigwa na butwaa.

Nikadhani picha imebandikwa kichwa chini. Nikafuata barabara kwa kidole, nikaona paa la kanisa, nikaona daraja. Ndipo nikaelewa.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Kwetu Butembo, ukienda Beni unashuka. Ukienda Musienene na Lubero unapanda. Juu kwetu ni milimani, tangu mababu. Hata mtoto ukimwambia "kimbia juu," atakimbia kuelekea Lubero.

Lakini wenye kuchora ramani huweka kaskazini juu. Na kaskazini yetu ni Beni.

Kwa hiyo kwenye picha, sisi watu wa chini tulikuwa juu. Na duara la njano, lile ambalo Patron alikuwa amewaambia watu wote walipigie kura, lilikuwa limelala juu ya ghorofa lake.

Nikageuka. Yule pale, sambusa mkononi, anacheka na chef wa quartier. Hakuwahi kuliona jengo lake kwa mgongo, paa tupu kutoka angani. Nani kati yetu amewahi?

Kusema kweli, mdomo ulifunguka. Nilitaka kupiga kelele. Ni tabia tu, mtu akienda shimoni unamwambia.

Halafu nikasikia ile sauti ya balkoni. *Kuku zitakula.*

Nikafunga mdomo. Nikachukua sucré, nikanywa taratibu. Ilikuwa tamu siku hiyo, jamani, sijawahi kunywa tamu vile.

Kura ilikuwa ya kubandika. Kila mkaaji alipewa karatasi nyekundu ya duara, ndogo, unaibandika mahali unapotaka parking iende. Patron akatangulia. Akapiga karatasi yake katikati ya njano kwa kiganja, pwaa! Wapangaji wake wakafuata, mmoja mmoja. Précieux wa duka la dawa, ambaye duka lake liko chini ya ghorofa lile lile, akabandika njano, akarudi kukaa bila kuangalia mtu.

Ikafika zamu yetu wa chini.

Nasiba alikuwa nyuma yangu, machozi yako karibu. Au hivyo ndivyo nilivyoona. Nikamshika mkono, nikamnong'oneza: "Bandika njano. Usiniulize."

Hakuniuliza. Akabandika njano.

Wa viazi akabandika njano. Wa mafuta, njano. Mama mmoja mzee aliyepoteza meza yake siku ile ya hangar akabandika njano, akaikandamiza kwa kidole gumba hadi Élise akamwambia imetosha.

Patron alifurahi hadi akasogea kutupongeza. "Muko batu ba akili. Mumeelewa mji iko naenda mbele." Nikamshukuru kwa Kinande, "Wasingya, Patron." Nilimwinamia na kichwa.

Nilifikiri wenzangu wanabandika kwa woga. Nikawahurumia. Nikajiona mimi peke yangu ndiye mwenye kisu.

Wa mwisho alikuwa Mama Marie-Jeanne, mke wa Patron. Mwanamke mtaratibu, wa kitambaa safi, wa misa ya asubuhi. Alisimama mbele ya picha kwa muda. Akavaa miwani yake. Akainama, akaangalia vizuri. Nikajua huyu ataona.

Akavua miwani. Akabandika njano.

Élise hakuhitaji hata kuhesabu. Kijani ilikuwa tupu. Njano ilikuwa nyekundu tupu.

Alisoma matokeo kwa ile sauti yake ndogo: "Wakaaji wamechagua sehemu ya njano."

Ndipo Patron aliposimama na kupiga makofi. Akapiga kwa nguvu, akatugeukia, akatuonyesha na sisi tupige. Tukapiga.

Élise akaendelea kusoma: "Ndiyo kusema, kona ya upande wa Lubero. Kuanzia kwenye ghorofa ya balkoni ya kijivu, mpaka..."

Makofi yake yakakatika njiani.

"Upande wa nini?"

"Wa Lubero, patron."

"Weye binti, unalewa? Njano iko chini! Chini ni Beni!"

Élise akachukua kile kijiti, akagusa mshale mdogo pembeni mwa picha. "Patron, ku ramani kaskazini iko juu. Beni iko juu. Nilitaka kueleza mbele ya kura. Ulinikataza."

Sijawahi kuona uso unabadilika vile. Alienda kwenye picha mbio, akabandika pua kwenye njano. Akaanza kung'oa zile karatasi kwa kucha. Chef wa quartier akamzuia.

"Hii kura haiko kitu! Turudilie! Batu hapana kuelewa hii ramani!"

Chef akakohoa. "Mais Patron, ulisema hapana recours. Imeandikwa ndani ya procès-verbal ya mkutano. Na ulisaini."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mzee jasho linamtoka hadi kwenye kola. Akatugeukia sisi, akanyoosha mikono. Mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsikia akituomba kitu.

"Bandugu zangu. Semeni ukweli. Nani mwingine hakuelewa ramani? Nani alifikiri njano ni chini? Ainue mukono! Ainue mukono, turudilie kura!"

Nikajua sasa mikono itapanda mingi, maana wote walipotea kama yeye. Ushindi wangu ulikuwa umefika mwisho.

Hakuna mkono uliopanda.

Nikaangalia kushoto. Nikaangalia kulia. Nikatafuta uso mmoja tu wenye mshangao, mtu mmoja aliyefungua mdomo na kusema kumbe.

Hakuna aliyeshangaa.

Précieux alikuwa anakagua kucha zake. Wa viazi alikuwa anatazama dari. Yule mama mzee wa hangar alikuwa anamtazama Patron machoni, hapepesi.

Walijua. Wote walijua.

"Précieux!" Patron akaita. "Weye uko mupangaji wangu! Sema!"

"Patron, miye niko napangisha tu. Nitapanga fasi ingine."

"Marie-Jeanne! Bibi yangu! Uinue mukono!"

Mama Marie-Jeanne alikuwa anafunga mkoba wake. "Miye niliona bien, baba Muyisa. Nilivaa na miwani." Akasimama. "Ile chumba ya juu, kwenye unaniambiaka ni bureau, umwambie yule dada wa Goma atafute fasi." Akatoka.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea.

Nje nilimvuta Nasiba pembeni.

"Ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu tunaingia. Niliona tairi zangu mbele ya duka, mu kijani."

"Na machozi?"

"Katungu, nilikuwa najizuia kucheka! Wallahi niliogopa weye utamwambia. Weye uko na roho ya kanisa."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Halafu tukaanza kuulizana na wengine, na kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Huyu aliona kanisa, yule aliona daraja. Kila mtu alidhani ni yeye peke yake anayemnyamazia Patron, na kila mtu alikuwa na sababu yake moyoni.

Patron alihangaika. Alienda bureau hii na ile, akapanda hadi kwa wakubwa. Kila alipofika, walimwonyesha saini yake. Sasa ana kiwanja chake Rughenda, na nasikia analalamika kwamba vumbi la ndege linamwingilia kwenye chai.

Siku machine ilipokuja kulilaza ghorofa, nilipanda Musienene kwa pikipiki kumchukua mama. Alivaa pagne, kitenge chake cha sikukuu. Alisimama kando ya barabara tangu tofali la kwanza hadi la mwisho. Hakucheka, hakulia. Balkoni ilipoanguka alisema tu, "Sasa nipeleke nione batoto ba dada yako."

Nilifurahi. Nilifurahi vibaya, na sijaenda kuungama kwa ajili ya hilo.

Ningemalizia hapa. Lakini kuna kitu kimoja kilichotokea mwezi uliopita, na ndicho kilichonifanya niandike.

Wakaaji walihitaji mwakilishi mpya. Wakanichagua mimi. Kwa mdomo wote, bila mpinzani. Nilijisikia, siwadanganyi. Nikashona na koti.

Kwenye mkutano wangu wa kwanza, Élise naye akiwapo, nilisimama na pendekezo la mahali mama wauza maharagwe watakapokaa ndani ya soko jipya. Nilikuwa nimelifikiria usiku kucha. Nikaeleza kwa sauti kubwa, mikono hewani.

Nikamaliza. Nikauliza, "Kuna mwenye swali?"

Hakuna swali.

"Kuna anayepinga?"

Wa viazi akatazama dari. Précieux akatazama kucha zake. Nasiba, rafiki yangu, mtu ninayekula naye sahani moja, akanitabasamia vizuri sana.

Nikajiona nimesimama pale pale aliposimama Patron.

Nikakaa chini. Nikamwomba Élise arudishe picha ukutani. Nikavua koti, nikamwambia Nasiba mbele ya watu wote, "Tafadhali, yaya, ndugu yangu. Nambie nilikosea wapi."

Akainuka, akaja kwenye picha, akaweka kidole. Pale nilipowapangia mama zetu, mvua ikinyesha maji yote ya barabara hupita hapo hapo. Kila mtu ukumbini alilijua hilo isipokuwa mimi na koti langu.

Ndugu msomaji, somo langu ni hili, na ni fupi. Ukisimama mbele ya watu wako, anayekubishia mnunulie chai. Wanaokukubalia wote kwa pamoja, waogope.